Pazia likifungwa, mjadala waanza: Hadhira na tamthilia za Wamarekani weusi

TIKITI ya mchezo wa kuigiza humpa mnunuzi haki ya kuketi, kutazama na kusikiliza. Haimpi haki ya kusema. Hiyo ndiyo desturi iliyozoeleka katika majumba makubwa ya maonyesho nchini Marekani na barani Ulaya, ambako taa huzimwa, watu hunyamaza, na makofi hupigwa kwa wakati uliowekwa.

Hata hivyo, kuna tamthilia ambazo kwa miaka mingi zimekuwa zikiivunja desturi hiyo. Tamthilia zilizotungwa na Wamarekani weusi, kuanzia zile za enzi ya kupigania haki za kiraia hadi za miaka ya hivi karibuni, mara nyingi huandamana na kikao cha mazungumzo baina ya waigizaji na watazamaji. Onyesho likiisha, viti vichache huwekwa jukwaani, waigizaji hurejea wakiwa wamevua mavazi ya uigizaji, na msimamizi huwaalika waliosalia ukumbini waulize maswali au watoe maoni. Kikao chenyewe huchukua kama nusu saa.

Kwa mtazamaji mgeni, kikao hicho huweza kuonekana kama nyongeza tu, mfano wa kahawa inayoletwa baada ya mlo. Historia yake yaonyesha vingine. Kuna nyakati ambapo mazungumzo hayo yalikuwa na uzito kuliko mchezo wenyewe, na kuna mahali ambapo kuyashiriki kulimweka mtu katika hatari ya kupoteza kazi, nyumba au hata maisha. Isitoshe, swali la nani azungumze, azungumze kwa muda gani na amjibu nani, lingali linawagawanya wasanii wa Marekani.

Ikumbukwe kwamba kimya cha ukumbini si desturi ya watu wote. Katika makanisa ya Wamarekani weusi, mhubiri hutoa kauli na waumini huijibu kwa sauti. Wakiridhika humhimiza, na akichelewa kufika penye kiini humharakisha. Msikilizaji wa ngano za Kiswahili hahitaji kuelezwa jambo hilo, kwani fanani asemaye "Paukwa" na asiitikiwe "Pakawa" hana budi kufunga kinywa chake. Watu waliolelewa katika makanisa hayo walipoingia katika majumba ya maonyesho, waliingia na sauti zao.

Mfano mzuri wa kuanzia ni "A Raisin in the Sun", tamthilia ya Lorraine Hansberry iliyofunguliwa Broadway, jijini New York, mnamo Machi 11, 1959. Hansberry alikuwa na umri wa miaka 28, na alikuwa mwanamke mweusi wa kwanza kuona tamthilia yake ikiigizwa Broadway. Mwelekezi wake, Lloyd Richards, alikuwa mweusi pia. Mchezo huo, ulioigizwa na Sidney Poitier, Ruby Dee, Claudia McNeil na Diana Sands, ulionyeshwa mara 530.

Kisa chake ni cha familia ya Younger, inayoishi katika nyumba finyu upande wa kusini wa jiji la Chicago. Baba amefariki na bima imelipa dola 10,000. Mama, Lena, anatumia sehemu ya fedha hizo kununua nyumba katika mtaa wa Wazungu. Kabla hawajahama, mjumbe wa wakazi wa mtaa huo anafika na ahadi ya kuwalipa ili wasiende. Wanakataa, wanafunga mizigo na kuondoka.

Kenya nayo haikusahaulika. Katika sehemu ya pili ya tamthilia hiyo, mwana wa Lena, Walter, akiwa amelewa, anapanda juu ya meza, anajifanya shujaa wa Kiafrika na kumtaja Jomo Kenyatta kama mtu wake. Mchezo ulipofunguliwa, Kenyatta alikuwa bado akitumikia kifungo kaskazini mwa Kenya.

Baada ya onyesho, watazamaji walitoka na maelezo yaliyotofautiana sana. Wengi wa Wazungu walisema hiki ni kisa cha familia yoyote ile, na kwamba kina mwisho wa furaha. Watazamaji weusi, hasa wa kutoka Chicago, waliona kitu kingine: walijua yanayomngoja mtu mweusi anayehamia mtaa wa Wazungu. Hansberry mwenyewe aliwajibu waliouita mwisho huo wa furaha kwa kuwataka waende wakaishi katika mitaa ambako akina Younger walikuwa wakielekea.

Alikuwa na sababu ya kusema hivyo. Mwaka wa 1937, akiwa mtoto, baba yake Carl alinunua nyumba katika mtaa ambao mkataba wa wenye ardhi uliwazuia watu weusi kuishi. Kundi la watu lilikusanyika nje na kurusha mawe, na jiwe moja lilikaribia kumjeruhi Lorraine. Kesi iliyofuata ilifika Mahakama ya Juu ya Marekani, na mwaka wa 1940 familia hiyo ikashinda. Kadhalika, katika hati ya mtunzi kulikuwa na onyesho ambapo jirani anawaletea akina Younger gazeti lenye habari za kulipuliwa kwa nyumba ya watu weusi waliohamia kwa Wazungu. Onyesho hilo liliachwa mwaka wa 1959 na likarejeshwa miaka mingi baadaye. Pengine lingalikuwapo tangu mwanzo, mabishano ya mlangoni kuhusu mwisho wa mchezo yangalikuwa mafupi.

Kuna msikilizaji mwingine aliyetega sikio katika mabishano hayo. Kabla ya kufika New York, mchezo ulijaribiwa kwanza katika miji mingine, Philadelphia ukiwa mmojawapo. Shirika la upelelezi la FBI, lililokuwa likimfuatilia Hansberry kwa sababu ya misimamo yake ya kisiasa, lilimtuma mtu akautazame. Ripoti yake ilieleza kisa, ikasema haikuona mafundisho ya kikomunisti, kisha ikanakili yaliyosikika kutoka kwa watazamaji: kwamba Wazungu walionekana kusifu uigizaji, na kwamba ni wachache waliouzingatia ujumbe wa kisiasa. Yaani wapelelezi walitambua mapema jambo ambalo wahakiki wengi wa magazeti hawakulitilia maanani. Nguvu ya mchezo ilipaswa kupimwa pia kwa maneno ya watu wanapotoka nje.

New York, hata hivyo, ni jiji ambalo mtu angeweza kutazama mchezo, kubishana na mwenzake njiani na kurudi nyumbani salama. Katika majimbo ya Kusini hali ilikuwa tofauti, na huko ndiko mazungumzo ya hadhira yalikopata sura mpya.

Mwaka wa 1963, vijana watatu waliokuwa katika harakati za haki za kiraia, Doris Derby, Gilbert Moses na John O'Neal, walikutana katika Chuo cha Tougaloo, karibu na Jackson, Mississippi. Walianzisha kundi la maigizo waliloliita Free Southern Theater. Lengo lao lilikuwa kupeleka michezo kwa wakazi weusi wa mashambani, ambao wengi wao hawakuwa wamewahi kuona mchezo wa kuigiza. Hawakutoza kiingilio. Waliigiza makanisani, katika vituo vya jamii na hata uwanjani.

Msafara wa kwanza ulifanyika mwaka wa 1964, majira yale yale ambapo mamia ya wanafunzi walikuwa wamemiminika Mississippi kuwasaidia watu weusi kujiandikisha kuwa wapiga kura. Mnamo Juni 21 mwaka huo, vijana watatu wa harakati hizo, James Chaney, Andrew Goodman na Michael Schwerner, waliuawa katika Kaunti ya Neshoba. Makanisa kadhaa ya watu weusi yalichomwa moto majira hayo hayo. Kundi la maigizo lililoomba kutumia kanisa lilikuwa, kwa hakika, likiwaomba waumini wahatarishe jengo lao.

Mchezo wa kwanza waliouzungusha ulikuwa "In White America" wa mwanahistoria Martin Duberman, uliotungwa kutokana na nyaraka halisi za historia ya watu weusi tangu biashara ya watumwa. Katika msimu uliofuata waliigiza "Purlie Victorious", kichekesho cha Ossie Davis kilichofunguliwa Broadway mwaka wa 1961. Kinamhusu mhubiri mweusi anayerejea Georgia kudai urithi wa familia kutoka kwa tajiri wa shamba la pamba, ili anunue kanisa. Sambamba nacho waliigiza "Waiting for Godot", tamthilia ya Samuel Beckett kutoka Ireland, inayohusu watu wawili wanaomngoja mtu asiyefika.

Baada ya kila onyesho palikuwa na mazungumzo. Waanzilishi waliyahesabu kuwa sehemu ya kazi yao kama vile uigizaji wenyewe. Watazamaji wengine hawakusubiri mwisho: waliwajibu waigizaji mchezo ukiendelea, wakicheka, wakikemea na kutoa ushauri, kama wafanyavyo kanisani Jumapili.

Mjini Ruleville, mmoja wa waliokuwapo wakati wa mchezo wa Beckett alikuwa Fannie Lou Hamer. Mama huyo alikuwa amefukuzwa mwaka wa 1962 kutoka shamba la pamba alikofanya kazi kwa miaka mingi, kwa kosa la kujaribu kujiandikisha kupiga kura, na mwaka wa 1963 alikuwa amepigwa vibaya akiwa korokoroni katika mji wa Winona. Hamer aliwahutubia watazamaji wenzake. Aliwaambia kwamba wao hawafanani na wale watu wawili wa jukwaani, kwa kuwa wao hawajaketi wakingoja. Hakuna atakayewaletea kitu, na ni lazima wakitafute wenyewe.

Wasomi walikuwa wameandika kurasa nyingi kuhusu maana ya tamthilia hiyo. Hamer, aliyeacha shule akiwa mtoto ili achume pamba, aliifafanua kwa sentensi chache, na ufafanuzi wake ndio unaokumbukwa zaidi kila msafara ule unaposimuliwa.

Ni vyema kuelewa uzito wa kitendo chake. Wahenga walisema mdomo uliponza kichwa, na Mississippi methali hiyo haikuwa ya kupamba maneno. Kabla ya kupitishwa kwa Sheria ya Haki ya Kupiga Kura mnamo Agosti 1965, chini ya asilimia 7 ya watu weusi waliostahili kupiga kura katika jimbo hilo ndio waliokuwa wameandikishwa. Aliyetaka kuandikishwa alilazimika kwenda mwenyewe mbele ya karani Mzungu, ajibu maswali kuhusu katiba, na kisha angoje kuona iwapo mwajiri wake atapata habari. Kwa mtu wa aina hiyo, kusimama kanisani na kutoa maoni yake kuhusu mchezo mbele ya majirani lilikuwa zoezi. Alikuwa akijaribu kusikia sauti yake hadharani.

Lakini vikao hivyo havikuwa vyema wakati wote, na hapa ndipo penye funzo ambalo majumba mengi ya maonyesho yangali hayajajifunza. John O'Neal alisimulia baadaye kwamba mazungumzo mara nyingi yaligeuka kuwa mabishano. Katika mabishano, walioshinda walikuwa wale waliosoma zaidi au waliozoea kubishana, na si ajabu kwamba wengi wao hawakuwa wakazi wa mahali hapo. Mkulima aliyeyaishi yale yaliyoonyeshwa jukwaani alikaa kimya akimsikiliza kijana wa chuo akimweleza maana ya maisha yake.

O'Neal aligundua jambo jingine. Pale mtu aliposimulia kisa badala ya kutoa hoja, hali ilibadilika. Hoja hupingwa, lakini kisa cha mtu hakipingiki kwa urahisi. Aliyekisikia hukumbuka cha kwake. Kutokana na uzoefu huo, kundi hilo lilianza kuacha kuuliza watu walifikiri nini kuhusu mchezo na kuwauliza umewakumbusha nini.

Mtindo huo ulikuja kujulikana kama duara la hadithi. Kanuni zake ni chache na zaweza kufuatwa mahali popote penye viti. Watu huketi katika duara, bila meza na bila mtu wa mbele. Kila mmoja hupewa muda ulio sawa, kwa kawaida dakika chache, na zamu huzunguka kutoka kwa jirani hadi jirani. Asiye tayari huruhusiwa kupitwa, na zamu humrudia baadaye. Hakuna kumkatiza msemaji wala kumuuliza swali. Aidha, mshiriki hutakiwa asitunge hadithi yake wakati mwenzake anasimulia. Asikilize kwanza, na zamu yake ikifika asimulie kile ambacho hadithi zilizotangulia zimekiamsha. Ni baada ya duara kukamilika tu ndipo mazungumzo ya kawaida huruhusiwa.

Mwenye kuzisoma kanuni hizo huenda akaziona za kitoto. Ugumu wake hujitokeza pale anapoketi dakika arobaini bila kusema neno huku akijua kwamba aliyetangulia amekosea.

Free Southern Theater ilihamishia makao yake New Orleans, ikapitia uhaba wa fedha na mivutano ya ndani kuhusu nafasi ya Wazungu katika kundi, na hatimaye ikafifia. Mwaka wa 1980 O'Neal alianzisha kundi jingine, Junebug Productions, lililolirithi duara la hadithi na kulikuza kwa ushirikiano na Roadside Theater, kundi la Wazungu wa milima ya Appalachia. Mnamo 1985 wasanii na marafiki walikusanyika New Orleans kuizika rasmi Free Southern Theater kwa maandamano ya mazishi yenye bendi ya jazi, kama ilivyo ada ya jiji hilo. O'Neal alifariki Februari 2019.

Wakati huo huo, tamthilia za Wamarekani weusi zilikuwa zikiingia katika majumba makubwa. August Wilson alishinda tuzo ya Pulitzer mara mbili, mwaka wa 1987 kwa "Fences" na mwaka wa 1990 kwa "The Piano Lesson". Hata hivyo, mnamo Juni 1996, akihutubia wasanii katika Chuo Kikuu cha Princeton, Wilson alilalamika kwamba kati ya majumba 66 yaliyokuwa katika muungano mkuu wa majumba ya maonyesho nchini humo, ni moja tu lililoweza kuitwa la watu weusi.

Hotuba hiyo ilizua ubishi uliodumu miezi kadhaa. Mpinzani wake mkuu alikuwa mhakiki na mwelekezi Robert Brustein, na mnamo Januari 27, 1997, wawili hao walikabiliana mbele ya umati katika ukumbi wa Town Hall, New York, msimamizi akiwa mwigizaji na mtunzi Anna Deavere Smith. Ubishi ulihusu mengi, lakini takwimu ile ya 66 kwa moja yaeleza mambo yanayotokea katika vikao vya hadhira kuliko hoja nyingine yoyote. Ikiwa jumba si la watu weusi, wanachama wake wanaolipia viti vya msimu mzima kwa kawaida si weusi pia. Basi mchezo unaohusu maisha ya watu weusi unaigizwa mbele ya hadhira ya Wazungu, na baada ya hapo waigizaji weusi wanaketi jukwaani kuulizwa maswali na hadhira hiyo.

Mwigizaji aliyetoka kuigiza kifo cha mwanawe kwa saa mbili hujikuta akitakiwa kueleza kwa nini watu weusi hufanya hili au lile, kana kwamba ametumwa na taifa zima. Mwingine huambiwa kwamba mhusika wake hakustahili kukasirika kiasi kile. Anapaswa kujibu kwa upole, maana bado yumo kazini.

Ni kweli kwamba si wasanii wote wanaovipenda vikao hivi, hata nje ya sanaa ya watu weusi. Mwaka wa 2017 ilibainika kwamba mtunzi David Mamet alikuwa ameweka sharti kwa makundi yanayoigiza kazi zake: yasifanye mjadala wa hadhira ndani ya saa mbili baada ya onyesho, la sivyo yatozwe faini ya dola 25,000. Watetezi wa uamuzi huo husema mchezo ulioandikwa vyema hauhitaji kufafanuliwa, na kwamba mtazamaji anapaswa kuachwa aondoke na mzigo wake. Hoja hiyo ina mantiki yake. Udhaifu wake ni kudhani kwamba kila mtazamaji aliingia ukumbini akiwa na uhuru ule ule wa kuondoka na mzigo na kuutua atakapo.

Kwa upande wake, mtunzi Dominique Morisseau kutoka Detroit alianzia kwingine: je, mtazamaji mweusi anaruhusiwa kufanya nini wakati mchezo ukiendelea? Mwaka wa 2015 aliandika makala kuhusu mtazamaji Mzungu aliyemkemea kwa kucheka kwa sauti ukumbini. Mchezo wake "Pipeline" ulipoonyeshwa katika ukumbi wa Lincoln Center, New York, mwaka wa 2017, watazamaji walipewa karatasi ya maelekezo aliyoitunga. Iliwaambia kwamba wana ruhusa ya kucheka, kuitikia na kulifanya jumba hilo kuwa kama kanisa iwapo watasukumwa kufanya hivyo. Kwa maneno mengine, mazungumzo hayangojei pazia.

Tukio lililoanika mvutano huu mbele ya ulimwengu lilitokea mwishoni mwa Novemba 2019. Katika ukumbi wa Golden, Broadway, kulikuwa na mjadala baada ya "Slave Play", tamthilia ya Jeremy O. Harris kuhusu wapenzi wa rangi tofauti wanaotafuta tiba kwa uhusiano wao. Mtazamaji mmoja, mwanamke Mzungu, alisimama na kumfokea mtunzi, akidai mchezo unawashambulia Wazungu, huku akieleza taabu alizozipitia yeye mwenyewe. Harris alimjibu, mwanamke akaondoka, na video ya tukio hilo ikaenea haraka kwenye mitandao.

Wengi waliitazama video hiyo kama kichekesho. Hata hivyo, ukiiweka kando ya yale aliyoyaona O'Neal Mississippi, ni suala lile lile: kikao kilichoachwa wazi humwendea mwenye sauti kubwa. Dakika zilizotumiwa na mtu mmoja ukumbini humo zilikuwa za wote.

Miezi miwili kabla ya hapo, mnamo Septemba 18, 2019, Harris alikuwa amejaribu njia nyingine. Viti vyote vya ukumbi huo, takriban 800, vilitengewa watazamaji weusi kwa usiku mmoja ulioitwa Black Out. Waliohudhuria waliweza kucheka na kushtuka bila kuangalia nyuso za jirani zao Wazungu kwanza. Mpango huo uliigwa na majumba mengine. Ulipotangazwa kwa ajili ya maonyesho ya London ya mwaka wa 2024, ofisi ya Waziri Mkuu wa wakati huo, Rishi Sunak, iliukosoa ikisema kuwabagua watazamaji kwa rangi ni makosa na kunaleta mgawanyiko. Waandalizi walijibu kwamba hakuna ambaye angezuiwa kununua tikiti.

Wako wasanii waliochagua kuuingiza mjadala ndani ya mchezo wenyewe. Anna Deavere Smith, yule yule aliyesimamia ubishi wa 1997, hutunga michezo yake kwa kuwahoji watu wengi kisha kuwaigiza yeye mwenyewe mmoja baada ya mwingine. Katika "Notes from the Field", kuhusu watoto maskini wanaotolewa shuleni na kuishia magerezani, maonyesho ya Berkeley, California, mwaka wa 2015 na ya Cambridge, Massachusetts, mwaka wa 2016 yalikuwa na sehemu ya pili isiyo na mwigizaji. Watazamaji waligawanywa katika makundi madogo yenye wasimamizi, wakaenda pembe mbalimbali za jengo kujadiliana watakachofanya, kisha wakarejea vitini kwa sehemu ya mwisho.

Mpangilio huo una busara yake. Anayejua kwamba sehemu ya mwisho ya mchezo bado haijaonyeshwa haondoki kuwahi gari lake. Katika kundi dogo, vilevile, mwenye haya hupata nafasi ambayo hawezi kuipata mbele ya mamia ya watu. Hata hivyo, mchezo ulipohamia New York baadaye mwaka wa 2016, sehemu hiyo iliondolewa.

Aleshea Harris naye alikwenda mbali zaidi. Tamthilia yake "What to Send Up When It Goes Down", iliyoonyeshwa New York mwaka wa 2018, ni ibada ya kuwakumbuka watu weusi waliouawa kwa sababu ya ubaguzi wa rangi. Watazamaji huanza wakiwa wamesimama katika duara pamoja na waigizaji. Huulizwa maswali, na ambaye jibu lake ni ndiyo hupiga hatua moja mbele. Hakuna anayetakiwa kujieleza. Jina la mmoja wa waliouawa hutajwa na wote kwa pamoja, mara moja kwa kila mwaka aliouishi. Jina la kijana humalizika haraka, na kila mtu husikia lilipokomea.

Kisha huja sehemu ya mwisho. Watazamaji wasio weusi hushukuriwa na kuongozwa hadi sebule ya jumba, nao weusi husalia ndani wakiwa peke yao na waigizaji. Milango hufungwa. Waliotoka husimama nje, wengine wakinong'onezana, na hawaambiwi yanayosemwa ndani.